Mipichi Iliyotangulia Sikukuu

Saigon, tarehe 6 ya mwezi wa mwisho wa mwaka

Kaka Khiem,

Nimefika salama, na miti imefika salama kuliko mimi. Dereva wa lori alikuwa akifunga breki kwa hasira, na kila alipofunga nilipanda nyuma kukagua matawi. Bibi Tam mwambie miti yake mitatu aliyonipa nimuuzie haijavunjika hata kijitawi. Najua ataanza kuuliza kabla hujamaliza kufungua bahasha.

Nimepata nafasi nzuri ajabu kwenye soko la maua, ukingoni mwa mfereji, kwa sababu nimewahi kuliko wauzaji wote. Watu wa huku wanauza yale maua yao ya njano tu. Wakipita mbele ya mipichi yetu wanaikodolea macho: vijiti vitupu, havina jani, vimejaa vipele. Mama mmoja ameniuliza kama nauza kuni. Nikamwambia asubiri, mwaka mpya wa Tet ukikaribia vipele hivyo vitapasuka na atajuta kuniita muuza kuni. Hao wala siwategemei. Nawategemea watu wa kwetu kaskazini waliohamia huku miaka na miaka, ambao bado hawaioni Tet kuwa Tet kama hakuna ua la mpichi sebuleni. Nimeambiwa wanaanza kununua baada ya tarehe ishirini na tatu.

Joto la huku usiseme. Natembea na taulo shingoni kutwa nzima. Miti ndiyo naona imelipenda. Matumba yamenenepa njiani mpaka nikafurahi.

Tiketi ya treni ya kurudi nimeshakata. Nitauza mpaka mti wa mwisho, nipande, mkesha unikute njiani, nifike nyumbani asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka. Wale waliosema mwanamke hawezi kupeleka mipichi kusini, wape salamu zangu, mmoja mmoja kwa jina.

Mama anywe dawa ya kikohozi hata kama ni chungu.

Mdogo wako,
Thoa

*

Kijijini, tarehe 10 ya mwezi wa mwisho

Mdogo wangu Thoa,

Barua yako nimeisoma mara mbili nyumbani, na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti pale kwenye kibanda cha chai. Usinikasirikie. Nilipofika kwa yule mama wa kuni walicheka mpaka chai ikamwagika. Wale unaowajua wewe walikuwepo wote. Mmoja amekuja baadaye pembeni kuniuliza kama mwakani utamchukulia na miti yake. Nimemwambia nitalifikiria. Ningekuwa na tumbo kubwa ningelishika kama tajiri.

Sasa nisikilize vizuri. Umesema utafika asubuhi ya siku ya kwanza. Tangu Baba afariki, kila mwaka nimekuwa nikimbembeleza Bwana Luyen, yule wa mbao, awe mtu wa kwanza kukanyaga kizingiti chetu, kwa sababu biashara yake haijawahi kuyumba, watoto wake wote wazima, na hajapoteza hata jino. Unajua ninavyoliogopa jambo hili. Mnanicheka, lakini mwaka ule aliotangulia kuingia yule mpangaji aliyefukuzwa kazi, nguruwe wetu hawakumaliza miezi miwili. Mguu wa kwanza ndio unaobeba mwaka mzima wa nyumba.

Basi Bwana Luyen nimemwambia mwaka huu apumzike. Mguu wa kwanza utakuwa wako. Mtu aliyetoa mipichi hapa kwenye tuta la mto kwetu akaiuza yote Saigon, nani ana mguu mwema kumzidi? Nimeshawatangazia watu, na hata wale wabishi wamekubali.

Huku kuna baridi kidogo. Miti inaendelea.

Mama anataka peremende za nazi, zile laini. Anasema zile ngumu za mwaka juzi zilimwonea.

Kaka yako,
Khiem

*

Saigon, tarehe 14

Kaka,

Nina haraka leo. Watu wamejaa mbele ya miti tangu juzi, wanasimama, wanashangaa, wanapiga picha. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hiki huku. Peremende nimenunua, laini.

Kuhusu kizingiti, naomba umrudie Bwana Luyen. Nitakuwa nimechoka na safari, na treni zenyewe hazina ahadi. Afadhali mtu mliyemzoea.

Barua hii isome mwenyewe. Usiipeleke kibandani.

Thoa

*

Kijijini, tarehe 18

Wifi yangu,

Kuandika siyo kazi yangu, mwandiko utanisamehe. Nimekaa juu ya gunia la mchele wa kunata, na kaka yako yuko shambani anadhani naosha majani ya kufungia mikate ya mchele ya banh chung.

Barua yako ya mwisho imeninyima raha. Wewe, wifi, ambaye ukitumwa chumvi unarudi na hadithi ya saa nzima, leo unatuandikia mistari ya kuhesabu? Na hao watu waliojaa, wananunua au wanapiga picha? Mume wangu hilo hakuliona. Aliona "wamejaa" ikamtosha. Barua ameikunja kaiweka mfuko wa shati, na kila anayemwuliza habari zako anaupigapiga ule mfuko.

Na yeye anakudanganya vilevile. Eti "miti inaendelea". Inaendelea kulala! Baridi iliyoshuka huku sijaiona tangu niolewe kwenu. Matumba yamejikaza kama ngumi za mtoto mchanga. Kaka yako amechukua sufuria yangu kubwa, hiyohiyo ya banh chung, anachemsha maji, anayapoza kidogo, anakwenda kuinywesha miti. Ameweka makaa kati ya mistari. Juzi nimemkuta amelifunga blanketi la Mama kwenye ule mpichi mkubwa na anauongelesha. Nikamwuliza, "Unaongea na nani?" Akasema anakohoa.

Hakuna mti wetu hata mmoja utakaochanua kabla ya Tet, wifi, na yeye anajua. Ameniapisha nisikwambie. Anasema mwaka huu aliyetuinua ni wewe peke yako, usije ukavunjika moyo ugenini. Anakwenda kibandani kuongelea miti yako ili asiulizwe ya kwake.

Haya, mimi nimesema. Zamu yako.

Wifi yako,
Nhai

*

Saigon, tarehe 21

Wifi,

Umenishika. Nilipofika kwenye blanketi la Mama nilicheka peke yangu sokoni, halafu nikalia palepale, na jirani yangu wa maua ya njano akaniletea maji bila kuuliza.

Yamechanua, wifi. Yote. Kabla mwezi haujafika katikati niliamka nikakuta mti mmoja umefunguka, na kabla sijamaliza kujiambia ni huo mmoja tu, upande wangu wote wa soko ulikuwa wa waridi. Hao watu uliouliza walikuwa wanapiga picha tu. Maua mazuri hivyo sijayaona maishani mwangu, na kila nikiyatazama natamani kuyapiga fimbo.

Kosa ni langu na ni la kijinga. Unakumbuka siku tuliyonyonyoa majani, kijiji kizima pamoja, kama kila mwaka? Nami nikasimama na wenzangu nikanyonyoa miti ya lori huku naimba. Siku ile imepangwa kwa baridi ya kwetu. Mti ukishanyonyolewa unaanza kuandaa maua, na baridi ndiyo inayoushika mkono usikimbie. Miti yangu niliinyonyoa siku moja na yenu, kisha nikaileta kwenye joto la kuokea mikate. Halafu nikawahi, ili nipate nafasi nzuri! Ningekuwa mvivu ningeharibu kidogo. Kwa bidii yangu nimeharibu yote.

Nimejaribu barafu. Niliinunua kwa muuza samaki nikaizungushia mizizi, nikapata mipichi inayonuka soko la samaki. Nimeihamishia kivulini, nimeifunika magunia. Wapi! Sasa kazi yangu ya asubuhi ni kufagia maua. Watu wa kwetu wanakuja, wanaitazama miti, wanahesabu siku zilizobaki, wananipa pole na kuondoka. Ile pole ndiyo inayonimaliza. Bora wangenitukana.

Yuko mmoja aliyerudi. Anaitwa Bibi Dieu, alitoka kaskazini akiwa msichana na hajawahi kurejea. Nilimwambia ukweli mapema, kwamba Tet itaikuta miti imebaki vijiti, asije akanunua akanilaumu. Akanitazama juu mpaka chini. "We binti, mimi magoti yamekufa, moyo unaruka mapigo, na unaniambia habari za wiki ijayo? Nipe mti." Akachagua mmoja wa ile ya Bibi Tam, akaniachia hapahapa, na kila siku mjukuu wake anamleta na kigoda anakaa chini yake. Hanunui kingine, ananikosoa tu ninavyofagia.

Nikaona kama naweza kumwambia yeye, naweza kuwaambia wote. Nimeandika kibao: MAUA YAMEWAHI. KOSA LA MUUZAJI. KARIBU UTAZAME. Watu wanasoma, wanacheka, wanakaa. Wengine wananunua tawi wakawapelekee wazazi wao kabla halijapukutika. Wawili wameniambia mwakani nije tena, ila nichelewe. Aibu imepungua kidogo tangu niitundike hadharani, wifi, lakini hasara ipo palepale, na ya Bibi Tam imo humohumo.

Sasa usikasirike. Nyumbani siji. Fikiria mwenyewe: treni inafika asubuhi ya siku ya kwanza, na kaka ameshatangaza mguu wangu kwa dunia nzima. Mguu gani? Niingie na mkosi wote huu kwenye nyumba ambayo hata shamba lake limegoma? Yule mpangaji, mtu wa watu, alifukuzwa kazi tu, nguruwe wakafa. Uso nitauweka wapi? Nitabaki huku mpaka siku za mwanzo zipite, halafu nije kimyakimya. Mama mwambie wateja ni wengi, wamenizuia. Natamani hata kikohozi chake, lakini siji.

Kaka usimwambie. Nakuomba kwa mapenzi yetu yote.

Thoa

*

Kijijini, tarehe 24

Wifi,

Uliniomba nisimwambie. Sikumwambia. Nilimsomea.

Subiri, usinitukane bado. Jana tumeiaga miungu ya jikoni, kama kila mwaka imepanda samaki wake imekwenda mbinguni kutoa taarifa za nyumba. Barua yako ikaingia mlangoni saa ileile. Nikawaza, huko juu sasa hivi wanasomewa habari za blanketi na maji ya moto, wanajua kila kitu, na sisi ndugu wa nyumba moja tunafichana. Nikamkalisha mume wangu juu ya gunia la mchele nikamsomea mwanzo mpaka mwisho.

Kwenye barafu ya samaki alicheka mpaka akateleza kwenye gunia. Kwenye habari ya mguu alisimama. Akatoka, akaenda shambani, akalifungua blanketi kwenye mti, akamrudishia Mama na kumwambia mambo yote, yako na yake. Mama akamjibu kwamba ya kwake alishayajua, kwa sababu hajawahi kuona blanketi la mtu aliyelala kitandani likiota matope. Ya kwako yalimuumiza. Ameuliza kitu kimoja tu: unakuja au huji.

Kaka yako anaandika tangu alfajiri, amechana karatasi hadi nimemficha zilizobaki. Yake ni hii nimeiweka humuhumu.

Nhai

*

Kijijini, tarehe 24

Thoa,

Nhai ameshaniumbua, sina la kuficha. Miti yako imekimbia, yangu imelala. Tungeifunga kamba pamoja ingefika siku yenyewe.

Kwanza hili. Siku ya kunyonyoa majani kijijini hapa naipanga mimi. Watu wananiuliza mimi. Na mimi nilikutazama ukinyonyoa miti ya lori, nikajua inakwenda Saigon, na sikuwaza lolote zaidi ya kukwambia usivunje vikonyo. Ukisema kosa ni lako peke yako unanionea, maana mkono wangu ulikuwemo. Nilikuwa nimevimba kichwa kwa ajili yako, na kichwa kikivimba hakifikiri.

Halafu hili la mguu. Ni kweli naogopa mikosi, utani wenu wote naustahili. Lakini jana nimekaa shambani nikaiwaza hiyo asubuhi unayoitaka wewe. Bwana Luyen anaingia na meno yake yote, ananitakia biashara njema. Mama anatazama nyuma yake kama kuna mwingine anakuja. Na wewe uko huko, unakula wali wa kununua, umekaa na vijiti vyako. Nikasema, kama hiyo ndiyo bahati, siitaki. Hakuna mkosi utakaoingia na wewe unaozidi huo wa nyumba kukaa bila wewe.

Nakupenda, mdogo wangu. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na hapa kalamu imesimama muda mrefu. Njoo. Miti iliyobaki mwachie Bibi Dieu akosoe anavyotaka. Kwa Bibi Tam tutakwenda wote wawili, na mimi nitasema kwanza.

Nimemwambia Bwana Luyen asije. Usipokuja, mlango utabaki umefungwa, na ubishi wangu unaujua.

Khiem

*

SIMU YA MAANDISHI
DA NANG, MKESHA WA TET

NILIPANDA. TRENI IMEHARIBIKA HAPA. NITAFIKA TAREHE MBILI AU TATU. MSIHARIBU SIKUKUU KWA AJILI YANGU. MFUNGULIENI BWANA LUYEN. THOA

*

(Tangazo lililobandikwa kwenye geti, siku ya kwanza ya mwaka mpya)

Majirani na ndugu zetu,

Heri ya mwaka mpya. Mnaobisha hodi tangu asubuhi, hatujafa, hatujahama, na hatujagombana na mtu. Tumo ndani na tunawasikia, pamoja na yule aliyesema nimekimbia madeni. Mguu wa kwanza kwenye nyumba hii ni wa mdogo wangu Thoa, na treni yake imekwama Da Nang. Kwetu sisi mwaka utaanza akifika.

Kuna walioniuliza kupitia uzio kama ni kweli. Ni kweli. Miti iliyokwenda Saigon ilichanua na kupukutika kabla wateja hawajafika, kwa sababu ilinyonyolewa majani siku iliyopangwa kwa baridi ya kwetu, na siku hiyo niliipanga mimi. Miti yangu ya hapa haijatoa hata ua moja, nendeni mkaione. Yale niliyowasomea kibandani nilijivunia kabla ya wakati. Mwakani mkitaka kuniuliza siku ya kunyonyoa bado nipo, ila ulizeni na mwingine.

Bibi Tam, tulitaka kuja kwako wawili, lakini umeshapiga geti mara nne, na sauti yako naiheshimu. Chagua mipichi mitatu shambani kwangu, mikubwa, hata ule mkubwa kuliko yote. Itachanua ikipenda. Yaliyobaki tutayasema Thoa akiwepo.

Bwana Luyen, nimekuona kwenye tundu la ufunguo. Suti imekukaa. Usinichukie, wewe ndiye utakuwa wa pili, na chai yako nitaimimina mwenyewe.

Sasa ombi langu kwenu. Huyu mtu namjua. Atashuka pale tutani amejifunika skafu mpaka machoni, na atataka kupita nyuma ya nyumba zenu akajifiche kwa rafiki yake mpaka siku zipite. Msimfiche. Msimpe pole pia, amepewa za kutosha huko alikotoka. Mpokeeni mzigo mje naye mpaka hapa getini, halafu mmwache aingie peke yake. Mama amevuta kigoda nyuma ya mlango tangu alfajiri na kila mkipita na viatu vyenu anainuka.

Mwambieni asibishe hodi. Hapa ni kwake.

Khiem